Taulo la Saluni na Breki za Mzee Sudi

Mama Solange hapendi simu. Akipiga, ujue kuna mgeni, mgonjwa au msiba, na asubuhi ile niliposikia anavuta pumzi kabla ya kulitaja jina langu, nilijua ni lipi kati ya hayo matatu. "Zuhura," akasema, "Muzee Sudi ametuacha. Banamuzika leo alasiri. Ukuje nyumbani." Nilikuwa nimesimama katika yadi ya kazini kwangu, Midrand, ambako kila asubuhi pikapu na malori madogo ya kusambaza bidhaa hupita mbele yangu moja moja, na mimi ndiye mwenye kauli ya mwisho: hili litoke, lile lirudi gereji. Madereva wengine wananiita Auntie, wengine Madam, na nikigeuka najua wananiita jina jingine, kwa sababu kwenye suala la breki sina masihara na mtu. Siku hiyo nilimwachia msaidizi wangu orodha, nikaingia garini na kulia mpaka kwenye taa za kwanza za barabarani, zile ambazo sisi wa huku tunaziita robot. Hapo nikajifuta macho, nikaendesha kama alivyonifundisha yeye, mikono yote miwili juu ya usukani na jicho mbali mbele.

Watu wakianza kusimulia maisha yao huanzia kwa babu. Mimi nitawaruka mababu wote, wanisamehe, kwa sababu mwaka ninaotaka kuusimulia hawakuwamo. Ni mwaka 2011. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasuka nywele Yeoville, na nilidhani hivyo ndivyo nitakavyokuwa mpaka vidole vigome. Tulipanga nyumba moja ya zamani ya matofali mekundu, veranda yake imeoza mbao na bati lake limepauka rangi ya kijani. Chumba cha mbele alikaa Mzee Sudi, Mrundi wa Buyenzi, ule mtaa wa Bujumbura ambao nusu ya watu wake ukiwaamsha usingizini wanaweza kukufungulia injini na kurudi kulala. Chumba cha kati tulilala mimi na Mama Solange, Mkongo wa Bukavu, mwenye saluni ambamo alinipa kiti na chanuo siku nilipokuwa sina hata pa kuweka begi. Kibanda cha uani alikaa Bahati, Mkongo pia, mlinzi wa jengo la ofisi kule Braamfontein, ambaye usiku alilinda, mchana alilala, na katikati ya hayo mawili alitoa maoni.

Jiko lilikuwa letu sote, na nikiifikiria nyumba ile ni jiko ninaloliona kwanza. Kwenye msumari mmoja ilining'inia vuvuzela ya njano iliyobaki kutoka Kombe la Dunia la mwaka uliopita, pamoja na miiko na chujio la chai. Mama Solange alipika sombe, yaani kisamvu, kwa mafuta ya mawese mpaka mapazia yakawa na rangi yake. Mzee Sudi yeye alikuwa mtu wa chai ya tangawizi, kikombe kikubwa cha bati chenye mkono ulioungwa kwa waya, na alikibeba kila aendako, hata garini. Na juu ya harufu zote hizo kulikuwa na ya kwetu sisi wasusi, mafuta ya nazi na jeli na rasta zilizochomwa ncha, ambayo tulirudi nayo kila jioni mwilini na kwenye nguo. Siku hizi nina bafu langu peke yangu na sabuni za kila aina, na bado nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yaliyopata joto, moyo unapiga mara mbili. Nitaeleza kwa nini.

Nilikuwa msusi mzuri. Naomba niliseme hilo waziwazi, maana watu wakisikia mtu ameacha nywele akaenda kwenye magari hudhani alishindwa. Wateja walinisubiri mimi hata viti vingine vikiwa wazi. Lakini kila mara pikapu ya Mzee Sudi, au bakkie kama wanavyoita huku, ilipoegeshwa mbele ya saluni, niliacha kichwa cha mtu nusu nusu na kwenda mlangoni kuiangalia. Ilikuwa nyeupe, ya zamani, bodi yake ina mabonde, na Mzee aliitumia kubeba viti, maturubai na masufuria ya harusi na misiba ya watu wetu, kuanzia Yeoville mpaka Bez Valley na kwingineko. Leseni nilikuwa nayo tangu nyumbani. Jumapili nyingine aliniruhusu niirudishe nyuma uani, mita kumi tu, na mita hizo kumi nilizisubiri wiki nzima.

Mwezi wa tano mwaka ule Mzee aliteleza kwenye ngazi akiwa amebeba friji la mtu, mfupa wa bega la kulia ukavunjika. Hospitali wakamfunga mkono kifuani na kumwambia asiinue hata kijiko kwa wiki nyingi. Jioni moja nilikuwa jikoni nachambua maharage, mlango wa chumba chake uko wazi kidogo, nikamsikia Mama Solange akimwambia, "Bakkie ikilala hapa, kazi yote itaenda kwa bengine. Zuhura iko na leseni. Umupatie yeye." Nikaacha kuchambua. Nikasikia Mzee akiweka kikombe chini. "Binti ni mzuri, sindiyo," akasema. "Lakini ile ni mikono ya nywele. Nywele ukikosea unafumua. Gari ukikosea, nani atafumua?" Mama Solange akamuuliza kama yeye alizaliwa na spana mkononi. Akacheka, akagumia kwa maumivu ya bega, halafu akasema maneno ambayo niliyashika mpaka leo: "Kwetu Buyenzi, aliyefunga breki ndiye anayeshuka mlima kwanza, na aliyemwelekeza anakaa pembeni yake. Za mbele zimekwisha. Azifunge yeye, kwa mkono wake, mimi nitoe mdomo tu. Zikikubali, ufunguo ni wake. Zikikataa, nampa Bahati."

Sitaki kudanganya kwamba nilifurahi. Nilichukia. Mikono ya nywele! Nilitazama vidole vyangu juu ya maharage, vidole vilivyolipia chumba na kutuma pesa nyumbani, nikaona vimetukanwa. Kwa wiki ile nzima nilitembea na maneno hayo. Na Bahati, ambaye alichoka kusimama usiku kwenye baridi ya Braamfontein na aliutaka ule ufunguo kama mimi, hakunisaidia. "Dada, utavunja kucha," aliniambia kila tulipokutana kwenye bomba. Nikimjibu vibaya anacheka, nisipomjibu anacheka zaidi.

Kazi ilipangwa Jumamosi moja ya mwezi wa sita. Mchana huo kulikuwa na harusi ya Wakongo katika ukumbi mmoja kule Bez Valley, viti na masufuria yote ni juu yetu, na Mama Solange ndiye mpishi. Asubuhi nilipitia saluni kumaliza kichwa cha bibi harusi, nikapaka mafuta, nikafuta mikono, nikatupia taulo begani na kukimbia nyumbani. Msusi na taulo lake begani hawaachani, wala hajui kama analo. Nje majani yalikuwa bado meupe kwa baridi. Mzee alikwisha kaa juu ya kreti la soda, blanketi magotini, mkono umefungwa, kikombe mkononi, bega lote linanuka dawa ya kuchua mpaka macho yakaniwasha nilipoinama kumwamkia. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba. Mawe kwanza, nyuma ya magurudumu ya nyuma. Gari halina adabu, linaweza kuondoka lenyewe."

Nikaweka mawe. Nikalegeza nati gurudumu likiwa bado chini, kwa sababu ukiinua kwanza gurudumu linazunguka na wewe. Nikapiga jeki, nikaweka stendi za chuma chini ya chasisi, nikalitikisa gari kwa nguvu kama alivyoniamuru, nikaona halitikisiki, ndipo gurudumu likatoka. Nilipoiona ile diski ya zamani, ile sahani ya chuma ambayo breki huibana, niliinama karibu. Ilikuwa na mifereji inayopitisha ukucha, na pedi zilikuwa zimebaki chuma kitupu upande mmoja. "Umeona?" Mzee akasema. "Hicho ndicho kilichokuwa kinapiga kelele. Watu wanasema gari linalia. Gari halilii, linakwambia." Yeye pedi aliziita plaketi, kwa Kifaransa cha magereji ya kwao, na nilipenda kulisikia neno lile likitoka mdomoni mwake. Kalipa, ile taya ya chuma inayobana pedi, nilifungua bolti zake mbili na kuining'iniza kwa waya, maana aliniambia nikiiacha ining'inie kwa mpira wake wa mafuta atanirudisha kwenye nywele siku hiyo hiyo. Diski ikagoma kutoka. Ilishikwa na kutu miaka mingi. Nikaipiga nyundo, nikazunguka, nikaipiga tena, jasho likanitoka kwenye baridi ile, Bahati akafungua dirisha la kibanda na kusema kuna watu wamekesha wanataka kulala. Pigo lililofuata nilimpiga yeye moyoni, na diski ikadondoka.

Furaha yangu hapo haikuwa na kipimo. Mpaka leo, nikiwa na mafundi wangu saba na vifaa vya umeme vinavyofungua nati kwa sekunde, sijapata tena raha kama ya diski ile kudondoka miguuni kwangu. Diski mpya huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na yakibaki, pedi zinateleza. Mzee akanipa kitambaa safi na chupa ya spiriti. "Futa mpaka kitambaa kikose cha kubeba." Upande wa kushoto nikafuta hivyo, nikarudishia bano la kalipa, nikarudisha pistoni ndani taratibu kwa klempu huku nikichungulia mafuta ya breki yasimwagike, nikaingiza pedi, nikafunga. Upande wa kulia nilikwisha kuwa fundi. Nilikuwa naimba. Spiriti nikaimwaga moja kwa moja kwenye diski, na kitambaa kilikuwa kimedondoka mchangani, basi mkono ukaenda wenyewe begani, ukashusha taulo, nikafuta mbele na nyuma mpaka diski ikang'aa. "Umefuta?" Mzee akauliza kutoka upande wa pili. "Nimefuta." Na kweli nilikuwa nimefuta.

Tukamaliza karibu saa sita. Akanikumbusha kukanyaga pedeli mara nyingi kabla ya gari kusogea, mpaka mguu ukutane na kitu kigumu, kisha akapanda pembeni yangu na chai yake. Sheria yake ilikuwa kwamba pedi na diski mpya lazima kwanza zizoeane, mara kadhaa, polepole, kwenye barabara ya tambarare, kabla hujaziomba kazi kubwa. Nikaenda mpaka mwisho wa mtaa, nikakanyaga kidogo, nikaachia, nikakanyaga. Gari likasimama, lakini likavuta kushoto. Nikarudia. Likavuta tena. "Ni upya," Mzee akasema akiwa anapuliza chai. "Nyingine zinachelewa kukubali. Inatosha. Turudi tupakie, tushuke." Nikageuza gari, na nilipokanyaga mara ya mwisho mbele ya geti letu, kupitia dirisha la upande wangu ikaingia harufu. Mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yaliyopata joto, harufu ile ile inayotoka kichwani mwa mteja akikaa chini ya mashine ya kukaushia. Nikatazama begani kwangu. Taulo.

Mzee hakusikia kitu, alikuwa amezungukwa na dawa yake ya kuchua. Amesema inatosha, fundi wa Buyenzi kwa kinywa chake. Mbele ya veranda viti vilikuwa vimepangwa tayari, Mama Solange anafunga masufuria kwa mashuka, Bahati ameegemea nguzo ananisubiri nishindwe. Nikiongea, harusi inachelewa, ufunguo unaondoka, na maneno yale niliyoyachukia wiki nzima yanathibitika mbele ya kila mtu, kwa taulo. Nikinyamaza, huenda mafuta yakaungua yenyewe njiani. Huenda. Nilishika usukani nikiwaza ule mteremko wa kwenda Bez Valley, mrefu, na alama ya kusimama katikati yake ambapo barabara nyingine inakatiza. Nikazima gari. Sauti yangu niliisikia ndogo sana. "Mzee, nataka kufumua."

"Kufumua nini?" akauliza. Nikamwambia yote, taulo, kitambaa kilichodondoka, harufu. Akanyoosha mkono wake mzima, akalichukua taulo, akalinusa kwa karibu sana ili kuipita dawa yake, akafumba macho. "Mafuta ya nini haya?" Nikamjibu, "Ya nazi, Mzee. Na yale mengine ya kukuza nywele." Bahati alikuwa amesogea mpaka dirishani na akasikia. Akajipiga paja. "Eish! Mikono ya nywele, si nilisema!" Machozi yalinitoka pale pale, ya hasira, sikuyaficha. Mzee akamgeukia Bahati. "Weye uko macho, sindiyo? Duka la spea linafunga saa saba. Kimbia uniletee plaketi nyingine, seti nzima. Zilizokunywa mafuta haziponi." Bahati akakimbia. Kuhusu ufunguo, hakuna aliyesema neno.

Nilinawa kwa sabuni ya vyombo mpaka viwiko, mara tatu, maji ya bomba yakiwa barafu. Nikarudi, nikapiga jeki upya. Nilipogeuka kumuuliza Mzee nianze wapi, nikaona ameinuka, amelisukuma kreti lake kwa mguu, amelizungusha na kukaa tena akitazama ukuta. Mgongo wake ndio ulioniangalia. Nikadhani amenisusia. Nikamwita, akajibu bila kugeuka, "Mimi nakunywa chai. Fanya." Ilinichukua bolti mbili nzima kuelewa alichonipa. Nikafungua, nikapiga diski msasa, nikafuta kwa spiriti na vitambaa vipya mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Bahati akaleta pedi, nikafunga zote nne, pande zote mbili ziwe sawa. Hakugeuka hata mara moja. Hata spana iliponidondoka ikapiga kelele kwenye saruji, aliinua kikombe tu. Sijawahi kuaminiwa namna ile na mtu yeyote tangu siku hiyo, na nimeolewa.

Tukazizoesha tena kwenye tambarare. Gari likasimama limenyooka. Tukapakia viti, turubai, masufuria, na Mama Solange akapanda nyuma, akakumbatia sufuria la sombe kwa mikono na miguu. "Kama ni kufa, tukufe na chakula," akasema, "lakini Zuhura, ma fille, usituue, bibi harusi ananingoja." Mzee akapanda mbele na kikombe kilichojaa. Juu ya mteremko nikaona Bez Valley yote chini yetu, mabati na miti isiyo na majani, nikauweka mguu juu ya pedeli. Mzee alitazama mbele. Ule mkono wa plastiki ulio juu ya mlango, ambao abiria wote hushika, hakuugusa. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa na mwingine una chai. Nikashuka kwa gia ya pili. Alama ya kusimama ikaja, gari zito, kombi la abiria likakatiza mbele yetu likipiga honi bila sababu kama kawaida yao, nikakanyaga. Gari likasimama. Halikuvuta huku wala kule, halikulia, lilisimama pale nilipotaka lisimame, na nyuma nikamsikia Mama Solange akipiga bati kwa kiganja na kushangilia kwa Kishi, lugha ya kwao. Mzee akanywa chai. "Sharp," akasema, yaani safi, neno pekee la mtaani alilolijua, na alilitumia mara chache.

Niliendesha mpaka bega lake lilipopona, na hata baada ya hapo, mpaka mwisho wa mwaka, wakati kampuni moja ya kusambaza bidhaa iliponichukua, kwanza dereva, kisha nikaanza kupanda ngazi zao. Kila Idi nilikwenda kumwamkia Mzee. Tulikaa verandani, alininyooshea kikombe, aliuliza magari yangu yanasemaje. Habari ya taulo hakuigusa hata siku moja, na mimi kwa aibu sikuigusa. Nilijivunia mlima, lakini ile saa ya kabla ya mlima niliificha. Nimekaa na mafundi wengi, nimewahubiria usafi wa mikono hadi wakachoka, sikuwahi kuwaambia nilijifunzia wapi.

Basi siku ile ya mazishi nilipofika Yeoville, wanaume walikuwa wanaondoka na jeneza, na sisi wanawake tukabaki na masufuria. Mama Solange amezeeka, kichwa cheupe, lakini mikono ni ile ile. Alinikumbatia, tukalia, kisha akanituma nikachukue mikeka chumbani kwa marehemu. Miaka yote ile sikuwahi kuingia humo. Kitanda kimoja, sanduku, msala umekunjwa. Ukutani, juu ya mto, msumari mmoja una tasbihi, na msumari wa pili una pedi mbili za breki zilizofungwa pamoja kwa waya. Zilikuwa mpya, hazijalika hata kidogo. Nikazishusha, nikazinusa. Kulikuwa na vumbi tu, lakini nilizijua, ndizo zilizokunywa mafuta ya taulo langu. Nikakaa kitandani, uso wote unawaka, nikiwaza ni watu wangapi wamezionyeshwa.

Bahati alinikuta hapo waliporudi makaburini. Ana kitambi sasa, na tangu nilipoondoka ndiye aliyekuwa dereva wa ile bakkie, miaka mingi kuliko mimi. "Umebiona," akasema. Nikamuuliza kama Mzee alizionyesha kwa watu. "Kwa kila mutu mwenye aliomba ufunguo. Mimi nilikuwa wa kwanza. Alinikalisha hapo hapo kwenye umekaa." Nikamuuliza aliwaambia nini. Bahati akakaa kwenye sanduku, akavua kofia, akaiga ile sauti ya polepole. "Alisema: 'Siku ile mimi fundi nilisema inatosha, tushuke. Na nyuma Mama Solange yuko, na masufuria. Mwenye mikono ya nywele ndiye alizima gari.' Halafu ananiuliza, 'Bahati, weye ungezima?'" Akaigeuza kofia mikononi. "Nikamwambia ukweli. Nikamwambia hapana, Muzee, nisingezima. Ndiyo akanipa ufunguo."

Kwa muda wote ule nilidhani nimeificha aibu yangu, kumbe mzee yule alikuwa akiihesabu kuwa kosa lake mwenyewe, akinitaja mimi kwa fahari mbele ya watu nisiowajua. Nilijisikia mkubwa. Sijui neno lingine la unyenyekevu la kuweka hapo, na silitafuti.

Jioni ilipokaribia, viti vya msiba, ambavyo asubuhi vililetwa na gari la watu wa ukumbi, vilitakiwa kurudishwa kule kule ukumbini, Bez Valley. Bahati akapakia, akaja verandani akanitupia ufunguo. "Weye uendeshe, boss." Nikaudaka. Nikamuuliza breki za mbele nani amefunga. "Mimi mwenyewe, juzi. Muzee alinielekeza akiwa kitandani, sijashuka nazo bado." Nikamrudishia ufunguo wake. Nikaingia jikoni, nikachukua kile kikombe cha bati chenye mkono wa waya, nikakijaza chai ya tangawizi mpaka juu. Kisha nikapanda upande wa abiria, nikafunga mlango. "Twende," nikamwambia, na tulipofika juu ya mteremko nilikuwa nimekishika kikombe kwa mikono yote miwili.